Jinsi ya kula na kunywa bila kuozesha meno wala kudhoofisha fizi

Kabla ya kupima vijiko vya sukari, hesabu mara unazokula kitu kitamu kwa siku. Bakteria walio kwenye utando unaonata juu ya meno huigeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache. pH ya utando huo, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini. Mate huipooza asidi na kurudisha madini ya kalisi na fosfeti, lakini yanahitaji karibu nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Ukinywa soda yote pamoja na chakula cha mchana, jino limeshambuliwa mara moja. Ukiinywa soda hiyohiyo funda kwa funda kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mate hayapati nafasi, ingawa sukari ni ileile.

Kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya mapumziko, andika kila kinachoingia mdomoni na saa yake. Maji matupu peke yake ndiyo yasiandikwe. Asali, pipi ya koo, dawa tamu ya kikohozi, juisi ya matunda hata isiyoongezwa sukari, biskuti uliyoonja ukipita jikoni: vyote viingie. Kisha zungushia duara kila kitu chenye sukari. Vilivyoliwa kwa mkao mmoja ni duara moja. Kinywaji kilichokaa nawe saa mbili kihesabu kama mara nne. Lenga duara nne au pungufu kwa siku.

Njia rahisi ya kufika hapo ni kuhamishia vitamu kwenye mlo, kwa sababu wakati wa kutafuna mate hutoka kwa wingi. Chai ya katikati ya milo inywe bila sukari; kama kuacha ghafla kunakushinda, punguza nusu kijiko kila wiki. Kiasi nacho kina mpaka wake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Soda nyingi za mililita 330 zina gramu 35 hivi, kwa hiyo moja tu inatosha kukupitisha.

Wengi husahau wanga unaonata. Kula biskuti, subiri dakika kumi, halafu pitisha ulimi juu ya magego. Ukikuta ujiuji umejikita kwenye mifereji yake, ujue mate yanaendelea kuuvunja wanga huo kuwa sukari, na bakteria wanaendelea kula. Matunda yaliyokaushwa hunata vivyo hivyo. Sukutua kwa maji, malizia na kipande cha jibini, au tafuna bazoka isiyo na sukari kwa dakika 20.

Asidi ya kwenye chakula chenyewe ni hatari nyingine. Maji ya ndimu yanayonywewa kutwa, siki, na soda isiyo na sukari hulainisha enameli bila msaada wa bakteria yeyote. Usikimbilie mswaki hapo: utakwangua tabaka lililolainika. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa hadi saa moja, ndipo upige mswaki.

Usiku mate hupungua sana, kwa hiyo baada ya mswaki wa mwisho ni maji tu. Tumia dawa ya meno yenye floraidi, tema povu, usisukutue. Mtoto asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Inua mdomo wake wa juu umtazame meno ya mbele: mstari mweupe kama chaki kando ya fizi ni dalili kwamba madini yameanza kutoka. Katika hatua hiyo, floraidi na kuondoa chupa ya usiku bado vinaweza kulizuia jino lisitoboke. Ukishageuka kahawia na kubonyea, mpeleke kwa daktari wa meno.

Kwa fizi, tuseme wazi: hakuna chakula kinachoondoa utando uliojikusanya pembeni mwa fizi. Tufaha halifiki huko. Fizi zikitoa damu, watu wengi huacha kuzigusa, na hapo ndipo utando hunenepa, hukauka kuwa ukoga, na damu huongezeka. Endelea kupiga mswaki kwa wepesi na kusafisha katikati ya meno kila siku. Mara nyingi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili.

Mchango wa chakula ni kuzipa fizi nguvu ya kujijenga. Bila vitamini C mwili hautengenezi kolajeni, yaani protini inayoshikilia nyama ya fizi, ya kutosha, na fizi huvimba na kuvuja. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Chungwa moja la wastani lina kama 70, na pera hulizidi kwa mbali. Vitamini hii huharibiwa na moto na huyeyukia majini, hivyo mboga zipikwe kwa muda mfupi, kwa maji kidogo.

Kama umefanya haya yote na damu haikomi, au jino linacheza, au usaha unatoka, nenda kwa daktari wa meno. Ukiwa pia na kiu isiyoisha na unakojoa mara kwa mara, pima sukari ya damu: kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zinazougua hufanya kisukari kiwe kigumu kudhibiti.