Barafu kwenye intakula: namna ya kupoza hewa ya pikapu ya kuvuta sledi

Wadau wengi mnaniuliza lile boksi la barafu nyuma ya pikapu ni la soda au vipi, sasa leo naandika yote nipumzike: ni la kupoza intakula, kile kipoza hewa inayoingia kwenye injini. Naongelea mashindano ya Marekani ya kuvuta sledi, yaani tela zito la kukokota, gari linavuta mzigo kwenye udongo futi 300, mita 91 hivi, na kadri unavyoenda ule uzito unapanda kuja mbele ya sledi mpaka gari linagoma. Kama ni Agosti pale Bowling Green, Ohio, jasho linakutoka hata injini haijawashwa.

Turbo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, ikibana hewa inaichemsha. Hewa ya nyuzi 30 ukiibana mara tatu inatoka huko na nyuzi 170 na ushee, na zile za turbo mbili zinapita 200 bila shida. Hewa ya moto imetanuka, oksijeni inayoingia silinda ni kidogo, dizeli haiungui vizuri, unabaki na moshi mweusi tu. Intakula ya kawaida inategemea upepo wa gari kukimbia, sasa sisi tunaanza tumesimama, huo upepo tunautoa wapi? Ndo maana tunaweka intakula ya maji, pampu inazungusha maji ya baridi kati yake na lile boksi, yaani tanki la barafu.

Kabla hujafunga chochote ipime. Ziba upande wa hewa, jaza upepo wa kompresa taratibu, izamishe kwenye pipa la maji uangalie mapovu. Sisi tuliruka hii hatua mara moja, intakula ya mtumba, ina kitundu kwenye weldi hata sindano haipiti, maji yakajipenyeza mpaka kwenye silinda usiku kucha, asubuhi kupiga stata ikasema "tik" ikanyamaza. Maji hayabaniki jamani, kilichopinda ni konektingi rodi, kile chuma kinachoshika pistoni.

Tanki liwe na mfuniko unaofungwa kwa nguvu na lifungwe na boliti, sio kamba. Paipu ya kunyonya iwe chini kabisa na uiwekee chujio, vipande vya barafu visije vikaziba pampu, na ile ya kurudisha iingilie juu, imwage maji ya moto juu ya barafu yashuke yakipita katikati yake. Ukizirudisha zote chini maji yatazunguka hukohuko chini na barafu inaelea juu inakuangalia.

Sasa pampu, hapa ndo watu wanabana hela. Chukua injini inayovuta kilo 0.8 za hewa kwa sekunde, ukitaka kuishusha kutoka nyuzi 200 hadi 50 unatoa joto la kilowati 120 hivi. Kwa sekunde 15 za kuvuta hiyo inayeyusha barafu kilo 5 na nusu tu! Kwahiyo barafu sio tatizo. Ila pampu ikipitisha lita 30 kwa dakika, maji yanapanda nyuzi karibu 57 kwa kupita mara moja tu, ikipitisha lita 120 yanapanda 14 hivi. Wengi tunatumia pampu ya kutolea maji kwenye boti, kubwa, na paipu nene isiyo na kona nyingi, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya maji yanayomwagika bila kikwazo. Iwekee rilei (swichi ya kubeba umeme mkubwa) na fyuzi yake.

Barafu iwe vipande vidogo, bonge linayeyuka polepole. Mimi naweka kilo 15 hadi 20 halafu namimina maji mpaka vipande vianze kuelea, barafu tupu bila maji pampu itanyonya nini? Chumvi usiweke, ni kweli inaongeza baridi zaidi lakini inakula aluminiamu. Na pima gari kwenye mzani tanki likiwa limejaa, hizo kilo zote zinahesabika, pia soma sheria za daraja lako la mashindano kwanza maana mengine hayaruhusu kabisa na maji kumwagika uwanjani yanaweza kukutoa.

Washa pampu dakika tatu nne kabla hujaitwa, shika paipu zote mbili, zikiwa zinatoa jasho na baridi sawa nenda kwenye mstari. Ukimaliza fungua mfuniko kabla hujamwaga maji uone barafu imebaki kiasi gani, kama ni nusu tanki basi raundi ijayo punguza, hizo kilo kaziweke kwenye vyuma vya uzito vinavyofungwa mbele ya gari.