Doria ya Jangwani: Anza na Upepo wa Tairi

Ukipangiwa Sahara Magharibi kama mwangalizi wa amani, kwenye MINURSO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioundwa 1991, utatoka doria bila silaha. Unategemea gari, redio na macho yako. Kinachowaumbua wageni wengi ni gari.

Kabla hujaondoka Nairobi, pita Kirinyaga Road ununue geji yako mwenyewe ya upepo. Ile ya kambini imeshaangushwa mara nyingi. Lami huhitaji psi 35 hivi, mchanga laini 18. Punguza upepo kabla hujaingia mchangani, usingoje kuzama. Bonyeza sindano ya valvu, acha, pima, rudia hadi ubavu wa tairi ubonyee kidogo pale linapokanyaga. Ukishuka chini ya 15, kata kona taratibu, la sivyo tairi litachomoka kwenye rimu. Ukifika kwenye mawe, jaza tena, maana tairi laini huchanika ubavuni.

Umezama? Ondoa mguu kwenye mafuta. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, gari hulalia tumbo, na hapo kazi ni ya nusu siku. Chota mchanga kwa koleo, kisha rudi nyuma kwa njia uliyojia. Chini ya jeki weka ubao, bila huo jeki ndiyo itakayozama.

Msitoke na gari moja. Maji ni lita 10 kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku ya ziada, yagawanywe magari yote mawili.

Kuhusu mabomu ya ardhini, fuata njia inayotumika, lakini mvua ikinyesha usiiamini: maji huyahamisha mabomu kando ya mabonde. Ukiona bomu, simama papo hapo, mwonye wa nyuma kwa honi, mbaki garini msubiri msaada. Kurudi juu ya alama za matairi yenu wenyewe ni njia ya mwisho.

Kwenye daftari, sisi wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtego wetu: saa nne asubuhi iandikwe 1000, isije ikasomeka 0400. Andika ulichokiona kwa idadi, "gari jeupe 1, antena 2", pamoja na gridi, yaani namba za mahali kwenye ramani. Alichosema mchungaji wa ngamia kiwe kwenye mstari wake, kikianza na "tumeambiwa".