Namna ya Kutumia Ashwagandha Dhidi ya Msongo wa Mawazo na Uchovu

Ashwagandha ni mmea ambao mzizi wake umetumiwa tangu kale na waganga wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, kutuliza akili na kurejesha nguvu. Jina hilo la Kisanskriti humaanisha harufu ya farasi, nawe utaelewa sababu mara tu utakapofungua kopo. Kimapokeo, unga wake hukorogwa katika maziwa ya uvuguvugu na kunywewa kabla ya kulala.

Ukichagua vidonge, soma lebo kwa makini, kwa kuwa miligramu 300 za dondoo (kiini kilichokolezwa kutoka kwenye mmea) si sawa na miligramu 300 za unga wa kawaida. Tafiti nyingi zimetumia dondoo ya miligramu 300 hadi 600 kwa siku, kwa takriban wiki 8, hivyo usitarajie nafuu ya siku moja. Anza na kiasi kidogo, baada ya chakula, ili tumbo lisichafuke.

Mjamzito asiitumie kabisa. Mwenye maradhi ya ini au ya tezi ya shingoni, au anayemeza dawa za usingizi, kisukari au shinikizo la damu, amwone daktari kwanza. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukikolea rangi isivyo kawaida, acha mara moja na uende hospitali.