Somo: Barua pepe za ofisi zinarudishwa? Anza na barua iliyorudi, usipige ramli

Mji wetu wa Tanga una msemo wake: waja leo waondoka leo. Kwenye ofisi moja ya uwakala wa forodha pale Chumbageni mambo yalikuwa kinyume. Barua pepe zaondoka leo, zarudi leo. Karani anatuma nakala za hati za mzigo kwa mteja Arusha, na kabla chai haijapoa limeshaingia jibu la MAILER-DAEMON, yaani seva ikiarifu kuwa barua haikufika. Nikaitwa. Nilikaa siku mbili nikichezea rekodi ya SPF (orodha ya wanaoruhusiwa kutuma barua kwa jina la ofisi), mara niiandike hivi, mara vile, kumbe ugonjwa haukuwa huko hata kidogo. Ofisi ilikuwa imehamia kwa mtoa huduma mwingine wa intaneti, ikapewa anwani mpya ya IP, na anwani ile haikuwa na jina. Maelezo yote yalikuwemo ndani ya barua iliyorudi tangu siku ya kwanza. Sikuisoma.

Somo hili ni kwa wenye seva yao wenyewe ya barua pepe, hasa Postfix kwenye Linux. Ukitumia programu nyingine, amri zitatofautiana, lakini mpangilio wa kutafuta ni uleule. Kwenye mifano nimeweka mfano.co.tz na 203.0.113.25, weka vya kwako.

Hatua ya 1: Soma barua iliyorudi mpaka chini

Mtumishi wa ofisi atakwambia "imegoma". Usikubali. Mwombe akutumie barua yenyewe iliyorudi, au apige picha ya skrini nzima, maana kinachotakiwa mara nyingi kiko chini kabisa ambako hakuna anayefika.

Tafuta namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, seva ya huko inasema "njoo baadaye", na seva yako itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, imekataa moja kwa moja. Pembeni yake huwa kuna namba nyingine yenye nukta. 5.1.1 ni kwamba anwani hiyo haipo; karani kakosea herufi, msahihishe muendelee na kazi. 5.2.2 ni sanduku la mpokeaji limejaa, mpigie simu. Zinazoanza na 5.7 ndizo zenye maneno, kwa sababu hapo seva haimlalamikii mpokeaji, inakulalamikia wewe: sikuamini. Gmail kwa mfano hutoa 5.7.25 pale anwani yako ya IP isipokuwa na jina linaloeleweka, na 5.7.26 pale barua isipothibitika kuwa imetoka kwa mwenye domeini.

Kama barua iliyorudi imefutwa, logi ipo. Kwenye mifumo mingi iko /var/log/mail.log au /var/log/maillog. Ukiwa na Debian 12 mafaili hayo huenda usiyaone, tumia:

journalctl -t postfix/smtp

Hapa kuna mtego ambao kwa watu wa mizigo unaumiza. Barua iliyojibiwa kwa namba ya 4 haimrudii karani siku hiyohiyo. Inakaa kwenye foleni, Postfix inajaribu tena na tena, na kwa kawaida yake inakata tamaa baada ya siku 5. Siku 5 zote hizo karani anaamini hati zimefika, mteja anaamini hazijatumwa, na mzigo uko bandarini unahesabiwa gharama za kuhifadhiwa. Weka onyo la mapema:

postconf -e 'delay_warning_time = 4h'
postfix reload

Halafu jizoeze kuangalia foleni kwa mailq kila asubuhi, kama unavyoangalia maji ya betri ya gari.

Hatua ya 2: Barua inatoka ofisini kweli?

Ukiona kwenye logi kuwa muunganisho umeisha muda kabla ya kufika popote, basi hakuna aliyekukataa. Hujafika hata mlangoni. Watoa huduma wengi hufunga poti 25, mlango ambao seva hupelekeana barua, kwa wateja wa kawaida ili kuzuia spamu. (Kuna tafsiri za kompyuta zinazoita poti "bandari". Tanga usithubutu, utaeleweka vingine.) Jaribu:

nc -vz gmail-smtp-in.l.google.com 25

Isipofunguka, mwombe mtoa huduma aifungue, au pitisha barua kwa seva ya mtu mwingine kwa poti 587. Hilo nitalirudia kwenye maswali.

Hatua ya 3: Anwani yako ina jina?

Hapa ndipo ulipokuwa ugonjwa wakati mimi napoteza siku mbili kwenye SPF, kwa hiyo nitakaa kidogo.

DNS tunaijua kwa upande mmoja: unatoa jina, unapewa anwani. Upo na upande wa pili: unatoa anwani, unapewa jina. Rekodi ya upande huo inaitwa PTR. Seva inayokupokea hufanya kama balozi wa nyumba kumi mgeni anapojitambulisha. Umesema unaitwa nani? Sawa. Nyumba uliyotoka wanakujua kwa jina hilo? Na jina hilo nikilifuata, linanirudisha nyumba hiyohiyo? Kimoja kikigoma, unaambiwa urudi ulikotoka.

Piga amri hizi tatu:

dig -x 203.0.113.25 +short
dig A barua.mfano.co.tz +short
postconf myhostname

Ya kwanza itoe barua.mfano.co.tz, ya pili itoe 203.0.113.25, ya tatu itoe barua.mfano.co.tz. Ya tatu husahaulika sana; nimekuta seva za ofisi zinajitambulisha ulimwenguni kwa jina la "localhost".

Sasa, PTR hairekebishwi pale uliponunua domeini. Utazunguka kwenye paneli yao mpaka jioni usiione. Mwenye anwani ya IP ndiye mwenye rekodi hiyo, yaani mtoa huduma wako wa intaneti au kampuni unayokodi seva kwake. Mwandikie kwa maneno machache tu: "Naomba rekodi ya PTR ya anwani 203.0.113.25 ielekezwe kwenye barua.mfano.co.tz." Ukianza kumsimulia habari za barua kurudi, utapewa ushauri wa kuzima ruta na kuiwasha. Sisi tuliomba Jumatatu, ikawekwa Alhamisi, na mchana wake barua zikapita.

Angalia pia IPv6, yaani anwani za IP za aina mpya. Seva inaweza kuwa nayo bila wewe kujua, ikatuma kwa njia hiyo, na huko hakuna PTR. Dalili yake ni kwamba Gmail inakataa ilhali kwingine zinafika. Kama huihitaji, weka inet_protocols = ipv4, kisha uisimamishe Postfix na kuiwasha upya; reload peke yake haitoshi.

Hatua ya 4: SPF, DKIM, DMARC

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji, hata mdogo, awe na SPF au DKIM. Wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku kwenda Gmail wanatakiwa wawe na zote mbili pamoja na DMARC. Ofisi ndogo haifikii idadi hiyo, lakini weka zote. Ni kazi ya mchana mmoja.

SPF ni orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina lako:

v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all

Iwe moja tu. Fundi wa tovuti akija akaongeza ya kwake chini ya ile ya zamani, zote mbili zimekufa. Ziunganishe mstari mmoja. Pia rekodi isiite majina mengine ya DNS zaidi ya mara 10, na zile include huhesabiwa pamoja na zilizomo ndani yake.

DKIM ni muhuri. Seva inaipiga barua muhuri kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa wazi unakaa kwenye DNS. Tatizo nililokutana nalo zaidi ya yote ni la kunakili. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu, na kipande kimoja cha rekodi ya TXT hakizidi herufi 255. Paneli nyingine huukata kimyakimya, mkia ukapotea. Ukishaweka, usome tena kwa dig TXT uulinganishe na faili lako mpaka herufi ya mwisho. Ukikosa hata moja, muhuri ni batili.

DMARC ni agizo lako kwa wapokeaji: barua ikishindwa SPF na DKIM, waifanye nini. Anza na p=none (wasiizuie) ili upokee ripoti tu. Mwenye haraka ya p=reject (waikatae) wiki ya kwanza hujizuilia barua zake mwenyewe.

Hatua ya 5: Orodha nyeusi

Ikiwa barua iliyorudi imetaja Spamhaus (shirika linaloorodhesha anwani zinazotuma spamu) au orodha nyingine, kabla ya kuomba kufutwa jiulize kwa nini umewekwa. Wiki sita baada ya mkasa wa kwanza, ofisi ileile ilinipigia tena. Safari hii mailq ilikuwa inatiririka maelfu ya barua za dawa za kupunguza unene. Mhasibu alikuwa amebofya kiungo fulani akaandika neno lake la siri. Mwizi hubainika hivi:

grep sasl_username /var/log/mail.log

Jina linalojirudia mno ndilo hilo. Badilisha neno la siri, safisha foleni kwa postsuper -d kwa barua zile tu, halafu ndipo uombe kuondolewa. Ukiomba kabla ya kuziba tundu, utarudishwa tena, na mara ya pili ni vigumu zaidi kusikilizwa. Spamhaus hawatozi pesa kuondoa anwani. Anayekutaka ulipe ndipo akuondoe, achana naye.

Unapoulizia kwa dig kwenye zen.spamhaus.org, usipitie DNS ya umma kama 8.8.8.8. Utapewa 127.255.255.254 ukadhani umeorodheshwa, kumbe ni swali lako tu lililokataliwa.

Maswali ya wanachama

*Muheza:* Mkuu, sisi tunauza machungwa, seva iko kwenye kompyuta ya ofisini na intaneti ni ruta ya laini ya simu. Tunaambiwa tuko PBL. Hatujawahi kutuma spamu.

Naamini. PBL ya Spamhaus siyo orodha ya wakosaji, ni orodha ya anwani ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja. Laini ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata PTR hutapewa. Msihangaike kuomba kuondolewa. Kodini huduma ya kutuma barua, muiweke kwenye relayhost ya Postfix (seva ya kupitishia barua) kwa poti 587, pamoja na jina na neno la siri. Kisha ongezeni huduma hiyo kwenye SPF, msisahau. Kusema kweli ofisi ya watu watano haina sababu ya kutuma yenyewe moja kwa moja, hata ikiwa na laini nzuri.

*Pangani:* Fomu ya tovuti ya nyumba yetu ya wageni inatuletea maombi ya vyumba. Mgeni mwenye Gmail yanafika, mwenye Yahoo hayafiki kabisa.

Fomu yenu inaandika anwani ya mgeni kwenye "Kutoka", yaani seva yenu inajifanya Yahoo. Yahoo tangu 2014 wanaagiza barua za namna hiyo zikataliwe. Kwenye "Kutoka" iwekeni anwani ya domeini yenu, na ya mgeni iende kwenye Reply-To. Mkibonyeza kujibu itamwendea yeye.

*Korogwe:* Nikiweka +all kwenye SPF si itamaliza kila kitu?

Itamruhusu kila mtu duniani atume kwa jina lako. Usiweke.

*Chumbageni, karani:* Shikamoo mwalimu. Hati nilizoskani ni MB 9 tu lakini inasema ni kubwa mno.

Marahaba. Kiambatisho kikisafiri kinaongezeka kama theluthi moja, kwa hiyo MB 9 zinakuwa 12. Postfix isipobadilishwa inaishia baiti 10,240,000. Mwambie fundi wako aongeze message_size_limit, lakini kwanza punguza skana: dpi 200 nyeusi na nyeupe inasomeka vizuri. Hati ya mzigo siyo picha ya harusi.

*Lushoto:* Bosi anataka barua za ofisi zimfuate kwenye Gmail yake binafsi. Baadhi zinakataliwa, na SPF yetu iko sawa.

SPF ya kwenu haihusiki hapo. Barua ya mteja ikipitia kwenu, Gmail inaona domeini ya mteja ikitoka kwenye anwani yenu, ambayo haimo kwenye SPF ya mteja. Muhuri wa DKIM wa mteja huvuka salama msipoigusa barua, kwa hiyo kama kuna programu inaongeza maneno chini ya kila barua, izimeni. Bora zaidi bosi aisome akaunti ya ofisi kwa IMAP (barua zikibaki kwenye seva ya ofisi) kwenye simu yake, mkaacha kuzisukuma.

*Ngamiani:* Nimefanya hatua ya 3. dig -x inanipa jina refu lenye tarakimu za IP na jina la mtoa huduma. Kwa hiyo PTR ninayo?

Unayo, ila ni ile ya jumla wanayompa kila mteja, na seva nyingi huichukulia kama laini ya nyumbani. Tuma ile sentensi moja ya maombi. Ikishawekwa jina lako, subiri rekodi ya zamani iishe muda wake, inaweza kufika siku nzima, kisha piga amri zote tatu tena ulete majibu hapa kabla hujagusa SPF.