SOMO: Kuyeyusha mrututu (chenga za bluu za salfeti ya shaba) na chokaa, dawa ya ukungu wa viazi

Naandika mara moja tu, maana kila msimu naulizwa "mbona mrututu wangu hauyeyuki?" Kwa pipa la lita 100: mrututu kilo 1, chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga) kilo 1.

1. Vaa glavu. Vyombo viwe vya plastiki. Mrututu hula chuma.

2. Yeyusha mrututu kwenye lita 50. Hapa ndipo nilipoharibu. Mei moja huku Isyonje, asubuhi maji yakiuma vidole, nilimwaga kilo nzima kwenye lita 3. Yakawa bluu iliyokolea, nikaridhika. Kumbe chini zimebaki chenga kubwa kama punje za mahindi. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 hubeba gramu 320 hivi; yakiwa ya nyuzijoto 10, kama 275 tu. Chenga ziliingia kwenye bomba la kupulizia, na tuta la kwanza likaungua majani. Usirudie kosa hilo! Sasa naufunga kwenye kitambaa na kuuning'iniza uguse maji kwa juu. Utaona bluu ikishuka polepole kama moshi uliopinduliwa, kwa kuwa maji yaliyobeba mrututu ni mazito. Ukiutupa chini, maji yaliyoshiba yanaulalia na kazi inasimama. Uache ulale usiku kucha.

3. Koroga chokaa kwenye lita 50 nyingine.

4. Mimina mrututu kwenye chokaa huku ukikoroga. Chuja, puliza siku hiyohiyo.

MASWALI

— Mkuu, chokaa nimekoroga saa nzima haiyeyuki. Nichemshe maji?

Usichemshe. Lita moja huyeyusha chini ya gramu 2 za chokaa, na maji yakichemka haifiki hata 1. Inatakiwa ielee kama maziwa, ndiyo maana unatikisa bomba.

— Mrututu kiasi gani?

Kilo 1. Nimeandika juu, soma.

— Shikamoo mzee. Kwa nini joto lisaidie mrututu, chokaa liizuie?

Marahaba binti, umeuliza jambo la maana. Mrututu hunyonya joto unapoyeyuka, basi ukiupa joto unaendelea. Chokaa hutoa joto, hivyo ukiipasha unairudisha nyuma. Chumvi haibadiliki sana: gramu 360 kwa lita ya maji ya kawaida, 390 yakichemka. Nayo mbolea ya yurea hunyonya joto kama mrututu: iyeyushe, kisha shika ndoo.

— Nimejaribu mzee, ndoo imekuwa baridi hadi inatoa jasho! Niweke maji ya moto?

Vuguvugu la kumwogeshea mtoto linatosha.