Shindano la kusoma kwa majina ya wahusika: wekeni kanuni mapema

Kama mko kikundi cha wasomaji hapa Dodoma na mnataka shindano la kirafiki, jaribuni hili: kila mtu ajaze herufi za DODOMA kwa majina ya wahusika, kila herufi kitabu chake. Vitabu sita, kuanzia Sabasaba hadi Nanenane. M na A ni rahisi mno. Kazi iko kwenye O, na inatakiwa mara mbili!

Ugomvi mwingi huzuka kwenye majina, kwa hiyo yamalizeni kabla ya kuanza. Vyeo visihesabiwe: Bwana Msa, mpelelezi katika riwaya za Muhammed Said Abdulla, aingie kwenye M. Na kwa kuwa anarudi katika riwaya kadhaa, amueni kwamba mhusika mmoja hutumika mara moja tu. "Mama Omari" je? Mimi nasema O ihesabiwe ikiwa Omari mwenyewe anaonekana na kufanya jambo hadithini. Kutajwa tu hakutoshi. Lakabu zikubaliwe, maana kuna wahusika ambao jina lao halisi hatulipati kabisa. Wanyama wa ngano nao waingie, wakiwa na jina.

Uthibitisho: andika jina la kitabu na ukurasa ambao mhusika anatokea mara ya kwanza, kisha wasimulie wenzako kwa sentensi mbili yeye ni nani.

Vitabu vya kuazima viruhusiwe, tafadhali. Asiye na hela ya kununua asiachwe nje. Zawadi? Kilo mbili za zabibu zinatosha.