Jinsi ya kujijengea kazi katika afya ya mazingira ukiwa mwanafunzi wa uzamili

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuingia katika afya ya mazingira mara nyingi huchagua mada pana mno, kama vile uchafuzi wa hewa, kisha hupoteza miezi mingi akiipunguza. Ni afadhali uanze na mnyororo mmoja tu: kichafuzi kinatoka wapi, kinasafiri ndani ya nini, kinakutana na watu mahali gani, kinaingia mwilini kwa pumzi, kwa kinywa au kwa ngozi, na ni akina nani hasa wanaokipata. Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa rasmi nchini Japani mwaka 1956, unaeleza kwa nini. Zebaki ya methili, aina ya zebaki yenye sumu kali, iliyomwagwa na kiwanda ililimbikizwa na samaki na viumbe wa baharini, ikawafikia watu kupitia chakula, kwa hiyo mtu ambaye angepima maji ya kunywa peke yake asingekipata chanzo.

Katika masomo, epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyosambaa kati ya watu), toksikolojia (elimu ya sumu) na takwimu hazikwepeki. Jifunze pia programu moja ya uchambuzi, kwa mfano R, ambayo haina malipo, na uimudu vizuri badala ya kuonja tano.

Hata hivyo, ujuzi ninaouthamini kuliko yote ni wa kuchukua sampuli kwa mkono wako mwenyewe. Chukulia maji ya bomba yaliyotiwa klorini, unayotaka kuyapima bakteria wa E. coli, ambao ni dalili ya uchafu wa kinyesi. Chupa tasa, yaani isiyo na vijidudu, huwekwa sodiamu thiosulfati ili kuizima klorini, la sivyo dawa itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatakudanganya. Wengi huisuuza chupa hiyo kwa nia njema kabisa, wakaimwaga thiosulfati yote. Usiisuuze, usiguse mdomo wake, acha nafasi kidogo ya hewa juu, andika lebo papo hapo, uiweke kwenye baridi na kuifikisha maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na kwa vyovyote kabla ya saa 24. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kutopatikana kwa E. coli katika mililita 100 za maji ya kunywa, hivyo uzembe mdogo wa mkono unatosha kugeuza hitimisho zima.

Viwango navyo usivikariri bila tarehe. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha wastani wa mwaka unaopendekezwa wa chembechembe laini za hewani, PM2.5, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Huo ni mwongozo, si sheria. Sheria ya nchi inaweza kuruhusu zaidi, na ripoti yako inapaswa kusema wazi unapima kwa kipimo kipi.

Utafiti wako ukigusa watu, damu yao au nyumba zao, peleka maombi kwa kamati ya maadili mapema, kwa sababu ratiba ya kamati haifuati ya tasnifu yako.

Unapotafuta nafasi, iwe idara ya afya, mamlaka ya maji, kiwanda au taasisi ya utafiti, nenda na ripoti ya kurasa mbili ambayo afisa asiye mtaalamu anaweza kuisoma na kuamua jambo. Chukua pia daftari lako la nyanjani, likiwa na saa, hali ya hewa na vipimo vilivyoharibika, maana atakayekuhoji huenda akataka kujua ulifanya nini siku mashine ilipokataa kuwaka.